Lifti ya gari nyumbani: kabla ya kununua, toboa sakafu

*"Shikamoo fundi. Naishi Goba, Dar es Salaam. Nina Prado ya mwaka 2006 ya petroli na Noah ya zamani, na kazi nyingi nazifanya mwenyewe wikiendi: oili, breki, bushi, shokapu. Nimechoka kulala juu ya boksi chini ya gari. Kuna yadi inauza lifti ya nguzo mbili iliyotumika, imetoka Japani, ya tani 4, bei nzuri sana. Gereji yangu iko ndani ya nyumba, upana mita 3.4, urefu mita 6, na kutoka sakafuni hadi dari ya jipsamu ni mita 2.75. Sakafu ni zege lenye vigae. Umeme ni fezi moja. Muuzaji anasema tatizo ni mota tu, ataibadilisha, kisha tufunge kwa bolti ndefu na kazi imeisha. Rafiki yangu anasema nichimbe shimo tu. Mke wangu hataki hata kimoja, kwa sababu ya watoto. Nifanye nini?"*

Marahaba, ndugu yangu. Nianze na jibu lenyewe ili usije ukalipa kesho asubuhi: kwa vipimo ulivyonipa, ile lifti usiinunue. Si kwa sababu imetumika, wala si kwa sababu ya mota. Haiingii humo ndani, na hata ingeingia, hujui inasimama juu ya nini.

Chukua futi yako. Lifti nyingi za nguzo mbili za tani 4 zina upana wa mita 3.3 hadi 3.5 kutoka ubavu mmoja hadi mwingine. Gereji yako ni mita 3.4. Hata ikiingia kwa kubanwa, wewe utapita wapi na spana yako? Halafu urefu. Zile fupi, zenye bamba la chuma linalopita sakafuni kati ya nguzo, kwa kawaida zina nguzo za karibu mita 2.8. Zile ambazo waya na mipira yake ya oili hupita juu hufika mita 3.6 na zaidi. Dari yako imeshindwa na zote mbili kabla gari halijaguswa.

Na gari nalo lina urefu wake. Prado yako ina takriban mita 1.9. Ili mtu wa kawaida asimame chini yake bila kuinama, matairi yanapaswa kuwa juu kiasi cha mita 1.7. Jumlisha: mita 3.6, bado nafasi ya mkono juu ya paa la gari. Wewe una 2.75. Toa 1.9, toa sentimita 10 za tahadhari, unabaki na sentimita 75 za kuinua. Hiyo ndiyo namba inayotawala uamuzi wako wote. Ndani ya gereji hiyo utafanya kazi ukiwa umekaa kwenye kigoda. Hutasimama kamwe, hata ununue mashine ya bei gani. Na kabla ya kuamini hizo 75, pima pia linta ya mlango, taa ya dari, na mlango wenyewe kama ni wa kukunjwa kwenda juu.

Sasa tuje kwenye zile bolti ndefu, maana hapo ndipo maneno ya muuzaji yaliponitia wasiwasi.

Watu wengi hudhani lifti ya nguzo mbili inaikandamiza sakafu, kwamba uzito unashuka wima kama wa tangi la maji. Sivyo. Gari liko katikati, nguzo ziko pembeni, na mikono imenyooka kutoka kwenye nguzo kwenda chini ya gari. Kwa hiyo kila nguzo inavutwa iangukie ndani, na upande wake wa nyuma unataka kuinuka. Piga hesabu ya haraka: gari la tani 2, kila nguzo inabeba tani 1, na uzito huo uko kama sentimita 80 mbele ya nguzo. Bamba la chini ya nguzo lina kina cha sentimita 40 hivi. Themanini kwa arobaini ni mara mbili. Maana yake bolti za nyuma zinavutwa kwenda juu kwa nguvu ya karibu tani 2, kwenye kila nguzo, muda wote gari likiwa juu. Ukiikaza nati iliyogoma na gari likatikisika, nguvu inaongezeka. Kinachozuia hizo bolti zisichomoke ni zege peke yake.

Bolti ya kutanuka hushika kwa kuibana kuta za tundu lake. Lazima tundu hilo lote liwe ndani ya zege zito, lililoiva. Bolti ikiwa ndefu kuliko unene wa zege, ncha yake inatanuka kwenye kifusi au udongo mwekundu, na udongo haushiki kitu. Bolti ndefu kwenye zege jembamba ni mbaya kuliko fupi, kwa sababu inakupa moyo. Na lile bamba la sakafuni linalounganisha nguzo mbili, ambalo muuzaji anaweza kukuambia "linazishikilia", kazi yake ni kufunika waya na mipira ya oili. Halizuii nguzo kuinama.

Nilikuwa kijana wa gereji tulipofungiwa lifti kwenye sakafu ambayo kila mtu aliapa ni zege la nguvu. Siku ya tatu, Hilux ikiwa juu, mwenzangu aliinama kuokota soketi akaona bamba la nguzo limeachana na sakafu kwa nyuma, mwanya wa kupitisha sarafu. Hakupiga kelele, alitutoa mmoja mmoja kwa ishara ya mkono. Tulishusha gari polepole, tukatoboa sakafu. Zege lilikuwa sentimita 6, na chini yake matofali yaliyovunjika. Tangu hapo mtu akiniuliza lifti gani anunue, namuuliza sakafu yake ina unene gani.

Watengenezaji wengi wa lifti za ukubwa huu wanataka zege lisilopungua milimita 100 hadi 150, wengine 200, la daraja la C20 hadi C25, lililokaa siku 28 tangu kumwagwa, na bolti iwe mbali na ufa au ukingo wa zege kwa angalau sentimita 15. Kitabu cha lifti yenyewe ndicho chenye neno la mwisho. Jamvi, yaani zege la sakafu, la nyumba zetu nyingi humwagwa kwa kubebea makochi na kabati. Halafu huja vigae, na chini ya kigae kuna udongo wa saruji wenye mapengo ukiugonga. Huwezi kufungia nguzo juu ya hapo, na huwezi kuokoa mambo kwa kumwaga zege jipya juu ya la zamani, kwa sababu tabaka mbili hazifanyi kazi kama moja. Lazima ukate, uchimbe, ufunge nondo, umwage upya.

Kujua ulichonacho ni rahisi. Chagua kona, ondoa kigae kimoja, toboa kwa biti ya milimita 10 na uangalie vumbi. Likitoka la kijivu, bado uko kwenye zege. Likigeuka jekundu, umefika chini. Pima kina kwa waya uliokunjwa ncha. Toboa sehemu tatu tofauti, maana jamvi likimwagwa kwa ndoo na watu wamechoka, unene hutofautiana.

Kuhusu umeme, ambao muuzaji anaufanya ndio tatizo pekee, kwangu ndio mdogo kuliko yote. Lifti za gereji za Japani mara nyingi zina mota ya fezi tatu ya volti 200, na hiyo huwezi kuichomeka popote hapa, kwa sababu fezi tatu zetu ni volti 400. Unaweza kuweka mota ya fezi moja ya kilowati 2.2, au kifaa cha kubadili masafa kinachopokea fezi moja na kutoa fezi tatu za volti ndogo. Vyote vinafanya kazi. Mota ya ukubwa huo huvuta kama ampia 14 ikiwa inaendelea, na mara kadhaa zaidi inapoanza, kwa hiyo inahitaji waya wake peke yake kutoka kwenye breka kuu. Usiichomeke kwenye soketi ya friji. Jihadhari zaidi na mashine zilizotoka Marekani: mota iliyotengenezwa kwa hezi 60 ikiendeshwa kwa hezi 50 za kwetu huzunguka polepole na kuchemka.

Kuna swali la umeme ambalo hukuuliza na lina maana zaidi: unakatika gari likiwa juu, inakuwaje? Hapa inabidi ujue lifti inavyobeba. Pampu inasukuma oili, oili inainua pistoni, gari linapanda. Ukifika unapotaka, unashusha kidogo mpaka kufuli za chuma ndani ya nguzo zinakaa kwenye meno yake, unasikia "ka!" pande zote mbili. Kuanzia hapo gari limekaa juu ya chuma. Oili ni ya kupandishia tu. Sili ya mpira ikipasuka au mpira wa oili ukikatika, hakuna kinachoshuka. Anayefanya kazi chini ya gari lililobebwa na oili tupu anaiamini sili asiyoijua umri wake.

Sasa, ili kuzitoa hizo kufuli inabidi gari lipandishwe kidogo kwanza, na hiyo inataka pampu. Kwa hiyo umeme ukikatika, gari linabaki juu, salama kabisa, mpaka urudi au uwashe jenereta inayoweza kuianzisha mota. Wenye haraka hapo ndipo hufanya mambo ya ajabu na nyundo. Ukinunua lifti yoyote, penda ile ya kufuli za kuvuta kwa waya au mkono kuliko zinazofunguliwa kwa sumaku ya umeme. Sehemu chache za kuharibika. Uliza pia kama ina pampu ya mkono ya dharura.

Kwenye hiyo "tani 4" nako kuna mtego. Gari lako la tani 2 linaonekana dogo kwake. Lakini uwezo huo umegawanywa kwa mikono minne, kila mmoja tani 1, na magari hayana uzito sawa mbele na nyuma. Ukishusha injini au difu, mizani inahama. Tani 4 zinatosha Prado, ndiyo, lakini usihesabu kwamba una akiba mara mbili.

Tukirudi kwenye gereji yako kama ilivyo, mimi ningenunua lifti ya mkasi, ile fupi ya kuhamishika, ya tani 3. Inakaa chini katikati ya gari na hupanda karibu mita 1, ila Prado uisimamishe kwenye zile sentimita 75. Haifungwi kwa bolti zinazovutwa. Uzito unashuka kupitia fremu yake pana, na sakafu inayobeba gari lako kila usiku kwa kukanyagwa na matairi manne kwa kawaida itaubeba. Vigae vitapasuka, hilo ukubali mapema, au uweke bamba la chuma chini yake. Vigae vyenye oili pia vinateleza kama samaki, kwa hiyo pale unaposimama tandika mpira. Kwa breki, shokapu, bushi na matairi, mashine hiyo ni raha tupu kwa sababu magurudumu yote manne yananing'inia.

Udhaifu wake nao usikufiche mtu. Inaziba katikati. Kushusha giaboksi ya Prado ukiwa na mkasi pale chini ni taabu, na propela shafti utaifikia kwa kujipinda. Chesisi ya Prado iko juu, hivyo sehemu ya kwanza ya mwendo wa lifti inapotea hewani. Nunua vile vipande vya kuongezea urefu vya mtengenezaji, usiweke vipande vya mbao. Vipande hivyo vikae kwenye chesisi yenyewe, kamwe si kwenye ngazi ya pembeni wala kwenye sakafu ya bodi. Noah haina chesisi ya namna hiyo. Inabebwa kwenye kingo za chini ya milango, penye vikato vya kuonyesha mahali pa jeki. Kama kingo hizo zimeoza kwa kutu, gari hilo halipandi lifti yoyote mpaka lichomelewe.

Kuna pia jozi ya fremu fupi zinazolala ubavuni chini ya gari na kuinua kiasi cha nusu mita. Zinaacha katikati wazi na unazisimamisha ukutani ukimaliza. Angalia uwezo wake tu, zipo za tani 2 na kidogo, na hizo kwa Prado yenye mizigo ni kujibana. Ya nguzo nne isahau. Ili usimame chini ya gari, nayo inataka dari ndefu kuliko yako.

Na kama fedha ya mkasi haipo, jeki nzuri ya tani 3 na stendi nne za chuma hufanya theluthi mbili ya kazi ulizotaja. Nasema stendi. Tofali la saruji hupasuka bila kukuaga.

Shimo la rafiki yako silidharau. Halili umeme, halina sili, na magari makubwa yametengenezwa juu ya mashimo kwa miaka mingi. Lakini Prado yako ni ya petroli. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa mara tatu au nne. Ukivuja unatiririka shimoni na kukaa humo kama maji, ukisubiri cheche ya taa au spana. Moshi wa ekzosi nao hujikusanya. Shimo ndani ya nyumba ya kulala, bila bomba la kutolea hewa kutoka chini, silishauri. Ongeza mvua za masika, ongeza watoto, na hata hivyo breki na shokapu bado zitataka jeki kwa sababu matairi yamekanyaga chini.

Mama watoto, kwa hiyo, hajakosea. Lakini woga wake una dawa kwa upande wa mkasi: breka ya lifti iwe kwenye kisanduku chenye kufuli na ufunguo ukae mfukoni mwako, ikae imeshuka kabisa kila ukimaliza, hata ukienda kunywa chai, na isipande wala kushuka mtoto akiwa ndani ya gereji. Mkasi unapojifunga haujui kidole wala mguu.

Kama moyo bado unataka kusimama chini ya gari, basi toka nje. Ukiwa na nafasi uani, jenga banda la urefu wa mita 4 na kidogo, mwaga zege maalumu la mita 4 kwa 1.5, unene wa sentimita 20, lenye nondo, upande wa nguzo tu. Ni mita za ujazo 1.2, mifuko kama 8 ya saruji, umwagilie siku saba na usifunge kitu mpaka siku 28. Ukilinganisha na lifti yenyewe, hiyo ni gharama ndogo. Paa ni lazima, kwa sababu mvua na hewa ya chumvi hula waya za chuma kwa ndani kabla hujaona kwa nje. Hapo ndipo lifti ya nguzo mbili, hata iliyotumika, inapata maana.

Lakini hapo usifanye kwa maelezo yangu ya maandishi. Mwite mhandisi wa majengo aje akanyage kiwanja. Mwonyeshe lilipo shimo la maji machafu. Nimeona watu wakipanga nguzo nusu mita kutoka kwenye chemba iliyofunikwa zamani. Mwambie kama kiwanja kilijazwa kifusi. Umeme ufungwe na fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Na siku utakapoanza kutoza majirani, hapo ni mahali pa kazi, na OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi, watataka kuikagua.

Lifti ya yadi ile, ukiitaka kwa ajili ya uani, omba kwanza picha ya kibati chake chenye uwezo na namba, na kitabu chake. Kisha nenda mchana, na kitambaa cheupe. Kipitishe taratibu kwenye waya zote. Kikinasa kwenye nyuzi zilizokatika, waya hizo zibadilishwe kabla ya chochote. Angalia kapi kama zimelika, maungio ya mikono kama yana nyufa kwenye welidingi, pistoni kama imelowa oili. Mwambie aipandishe mbele yako ikiwa na gari juu, na usikilize "ka!" mbili zikitokea pamoja. Akikwambia kibati kilipotea safarini na kufuli huwa zinakwama kidogo tu, muage vizuri, panda gari lako, rudi Goba.